Baba, Uliniambia Kinda Ameruka

Baba,

Shikamoo. Hutaitikia, najua. Lakini maisha yangu yote sijawahi kuanza neno na wewe bila shikamoo, na leo si siku ya kuanza utovu wa adabu.

Ninaandika nikiwa hapa nyumbani, kwenye kiti chako cha kamba, upande wa zizi ambako kivuli hukaa mpaka alasiri. Nimekuja Ijumaa kutoka Nyahanga, Kahama, na jioni hii lazima nirudi, kesho nina kipindi cha kwanza na Kidato cha Pili. Mikono yangu inanuka moshi na mafuta ya taa. Nimenawa kwa sabuni, harufu haitoki. Nitakueleza ni ya nini, ila nikianza na hilo sitafika mwisho.

Mama hajambo. Yaani anasema hajambo. Magoti yanamsumbua, na amehamishia kuku kwenye chumba ulichokuwa unaweka kamba na ngozi, anasema chumba kikikaa kimya anakisikia. Doto anapiga simu kutoka Katavi mara mojamoja. Ng'ombe wake wamezaana, nyasi kule bado zipo, na hasemi tena habari ya kurudi. Aliyebaki na ng'ombe wako ni Kulwa. Mkewe ndiye anayewachunga. Yeye anashinda kwenye karasha akisaga mawe ya dhahabu, jioni anarudi mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope.

Ngitili yako haipo tena, Baba. Ile sehemu uliyoizungushia miiba na kuwakataza ng'ombe masika yote ili kiangazi wapate nyasi, ile uliyoigombania na ndugu zako mwenyewe. Wachimbaji walikuwepo tangu zamani, lakini mbali na sisi; dhahabu ilionekana ng'ambo ya kijito chetu muda mfupi baada ya kukuzika. Rashi ikaingia. Watu walitoka Geita, Kahama, wengine mpaka Mwadui, wakafunga maturubai, wakaanza kuchimba. Mashimo yanahitaji matimba ya kuzuia udongo usiporomoke, na matimba ni miti. Walianza na midogo. Ulipofika mwezi wa tatu waliuangusha mgunga mrefu. Kulwa alinipigia siku hiyohiyo. Alisema neno moja tu, "Wameukata," na mimi sikumuuliza mti gani.

Kisiki kipo. Juzi nilipofika nilikwenda kukitazama, kisha nikaona hakuna cha kutazama.

Nakumbuka ulivyonifundisha kuangalia juu. Nilikuwa bado sijaanza shule, na mimi ndiye Shija, mtoto aliyefuata pacha, kwa hiyo Kulwa na Doto walikuwa na kazi zao za wanaume na mimi nikawa mkia wako. Ng'ombe akipotea hukukimbia huku na huku kama watu wengine. Ulisimama. Uliweka kiganja juu ya macho, ukazungusha shingo polepole, ukaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, tazama wale." Mbali kabisa kulikuwa na vitone vyeusi vinazunguka. Wakizunguka tu, ulisema, mnyama anaumwa au wanasafiri. Wakianza kushuka mmojammoja, wamebana mabawa, miguu imening'inia, basi tumechelewa. Tulifika mara nyingi tukiwa tumechelewa. Walikuwa wamejaa pale wanagombana, wanatoa ule mlio kama wa nguruwe, shingo zimezama ndani ya mzoga. Mimi nilikuwa nawaogopa. Wewe uliokota ngozi ya ng'ombe wako iliyobaki, ukaondoka bila kuwatupia hata jiwe.

Hawa tumbusi, ndege wa mizoga, hapa kwetu watu huwaita tai tu, wote. Chuoni ndiko nilikojifunza kuwatenganisha, nikaja nao likizo kama zawadi. Nakumbuka jioni zile kwenye shikome, moto wa mavi ya ng'ombe unafuka, wewe na kiti hiki. Ulikuwa unasema, "Haya mwalimu, leo tunasoma nini?" Hukuwahi kuniita mwalimu kwa kejeli. Ulitaka kujua kweli.

Nilikwambia wako wa aina nyingi na kila mmoja ana zamu yake. Yule mkubwa mwenye ngozi nyekundu inayoning'inia shingoni, mdomo wake una nguvu, ndiye anayepasua ngozi ambayo wenzake hawaiwezi. Wale wenye mgongo mweupe, wanaokuja kundi kubwa, kazi yao ni nyama ya ndani, ndiyo maana shingo zao hazina manyoya marefu, damu isigande. Yule mdogo mwenye mdomo mwembamba anangoja pembeni, anaokota vipande na kudonoa kwenye mifupa. Ukatikisa kichwa, ukasema, "Kumbe ni kama msiba. Kuna wa kuchinja, kuna wa kupika, kuna wa kuosha vyombo."

Nilikwambia tumbo la tumbusi lina tindikali kali kiasi kwamba ugonjwa unaomuua ng'ombe, hata kimeta, unafia mle ndani. Hapo ulitazama viganja vyako. Ulikuwa umezika ng'ombe wa kimeta kwa mikono yako.

Na ile siku nilipokueleza kwamba wakisikia joto wanajikojolea miguuni ili ipoe! Ulicheka mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko. Ukamwambia, "Mama Kulwa, njoo usikie, serikali imemlipia huyu mtoto miaka mitatu akasome mikojo ya ndege." Lakini kesho yake machungani ulinionyesha mmoja juu ya mti, miguu imepakaa nyeupe, ukasema taratibu, "Ni kweli."

Hatukukubaliana kwenye kila kitu. Wewe ulishikilia kwamba tumbusi anaota. Analala, anaoteshwa mzoga ulipo, asubuhi anakwenda. Mimi nilikwambia ni macho, anaona mbali mno, tena wanatazamana wao kwa wao. Mmoja akishuka, wa pili aliye mbali anamwona huyo, wa tatu anamwona wa pili, mpaka anga lote linapata habari. Ukasema, "Sawa. Na yule wa kwanza, nani alimwambia?"

Kuna jioni nilikuelezea wanyama waliokwisha duniani. Kwaga, yule aliyefanana na punda milia mbele na punda nyuma, aliyeishi kusini mwa Afrika, akawindwa mpaka akaisha. Na ndege mmoja mnene wa kisiwani, hakuweza kuruka, mabaharia wakamla na wanyama waliokuja nao wakala mayai yake. Ulikuwa unachonga mpini wa jembe. Ukaacha. Ukauliza, "Huyo wa mwisho alikuwa dume au jike?" Nikasema haijulikani. "Kama alikuwa jike," ukasema, "pengine alikuwa na yai ndani." Ukarudi kwenye mpini wako. Mimi nilikuwa nimefanya mtihani juu ya kutoweka kwa viumbe na sikuwahi kuwaza hivyo. Lilikuwa swali la mfugaji. Nililipeleka darasani kwangu, nalitumia mpaka leo.

Sasa, Baba, niruhusu nipite pale penye uchungu.

Ulikuwa mwezi wa sita mwaka jana, shule zimefungwa, mimi nipo nyumbani. Fisi aliingia zizini kwa jirani yetu Mzee Luhende, akachukua ndama. Siku chache baadaye ng'ombe wake mzee akafa mwenyewe, kwa uzee. Luhende akauburuta mzoga mpaka ukingo wa mbuga, akaupasua, akaunyunyizia dawa ya pamba, ile ya kuulia funza. Hakumwambia mtu.

Asubuhi tulikuwa tunakwenda kisimani mimi na wewe. Ulisimama, ukaweka kiganja juu ya macho kama kawaida, ukasema, "Wameshuka wengi." Halafu ukasema, "Mbona hawapandi?"

Tuliwakuta. Wengine walikuwa juu ya mzoga palepale, mabawa yamefunguka kama nguo zilizoanikwa. Wengine walijaribu kuondoka, wakaanguka katikati ya mabua. Wale wakubwa wawili, wenye ngozi nyekundu shingoni, walikuwa wamelala karibukaribu. Nilianza kuwahesabu, nikaacha. Hapakuwa na inzi. Hilo ndilo lililonitisha, mzoga bila inzi. Na fisi hakuwepo. Hakukuwa na fisi hata mmoja.

Mmoja alikuwa bado hai, mwenye mgongo mweupe, kichwa kinainama, anakiinua, kinainama. Nilikwambia usimshike, dawa itakuingia. Ukavua koti lako, ukamfunga, ukampakata. Nilijua wewe si mtu wa kupakata. Sisi wanao hukutupakata baada ya kutembea. Ulikaa naye chini mpaka shingo ikalegea, kisha ukamlaza, ukaniomba majani ya kufutia mikono.

Ulikwenda kwa Luhende moja kwa moja, na mimi nyuma. Alikuwa anakunywa uji. Ukamwambia, "Luhende, umeua."

Akasema, "Nimetega fisi."

"Fisi yuko wapi?"

"Mzee mwenzangu, mimi nilitega fisi. Hao ndege wamejileta. Ndege wa mizoga wana faida gani kwako, unawakamua?"

Ukamjibu, "Ng'ombe wako wakifa kimeta utawala wewe?" Tukaondoka. Uji wake haukwisha, nilimwona anaumwaga.

Kwenye mgunga mrefu ndani ya ngitili kulikuwa na kiota. Ulikuwa umenionyesha tangu nilipowasili, jukwaa la vijiti juu kabisa, na kinda mmoja mwenye manyoya ya moshi. Tumbusi anataga yai moja tu kwa mwaka. Baba na mama wanaatamia kwa kupokezana, wanalisha kwa kupokezana, miezi na miezi, kwa ajili ya huyo mmoja. Baada ya sumu mzazi mmoja aliendelea kuja. Ulikuwa unatega sikio kila jioni. Kisha naye akakoma kuja, na kinda alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuota manyoya meusi ya mabawa.

Nilishafungasha kurudi kazini. Ukaniuliza, "Ndama akifiwa na mama tunafanyaje?" Nikasema, "Tunamnywesha wenyewe." Ukasema, "Basi."

Mlimcheka Kulwa alipopanda mara ya kwanza kumpelekea kinda nyama! Mama alinisimulia kwenye simu hata maneno yakawa hayatoki. Kumbe kinda wa tumbusi akiogopa anatapika, na alimtapikia Kulwa kichwani, nyama iliyooza siku kadhaa tumboni. Kulwa alishuka na miiba mwilini na matapishi usoni, akaapa hatapanda tena, na kesho yake akapanda. Mkatengeneza kikapu na kamba. Uliniuliza vipande viwe vikubwa kiasi gani, nikakwambia uweke na mifupa iliyovunjwa, maana mifupa yake inahitaji chokaa, na porini mzazi huokota vipande vilivyovunjwa na fisi. Ukawa unaponda mifupa kwa nyundo juu ya jiwe la kusagia la Mama. Aligomba. Ulimletea jiwe jingine.

Julai, Agosti, Septemba. Kila nikipiga simu, salamu zilikuwa fupi na habari za kinda zilikuwa ndefu. Amesimama ukingoni. Amepiga mabawa, vijiti vimeanguka. Amemzoea Kulwa.

Hapo katikati na mbwa walikuwa wanaongezeka. Uliniambia hilo pia, sema nilikuwa nasikiliza habari za kinda tu. Mizoga haikuwa inaliwa tena kwa nusu siku. Ilikaa, ikavimba, ikanuka, na mbwa wa vijiji na wa kambi za wachimbaji wakaikuta ni yao. Wakazaana kwenye mashimo yaliyoachwa. Wakawa wanatembea kundi, mchana kweupe, wasio na mwenyewe.

Oktoba, Jumapili, nimetoka kanisani, ukanipigia wewe. Kwa kawaida ni mimi ninayepiga. Ukasema, "Mayu, kinda ameruka."

Nilipiga kelele barabarani. Ukanieleza amezunguka juu ya ngitili mara mbili, akapata upepo, akapanda, akaelekea machweo, kule misitu ya Kigosi. Nikakuuliza alipiga mabawa au aliyanyoosha tu. Ukasema, "Aliyanyoosha. Kama wakubwa." Kesho yake niliwasimulia wanafunzi wangu, darasa zima likapiga makofi. Mmoja akasema, "Madamu, mzee wako apewe cheti." Nilichekelea na kukusifu wiki nzima, na wewe uliitikia tu, "Eeh. Eeh, mayu."

Desemba nilikuja kulima. Mvua ilikuwa imeanza vizuri. Nikakukuta umekaa ndani, wewe ambaye hukai ndani. Mama akasema ni homa, kichwa, na mguu unawasha na kufa ganzi. Nilikuletea maji ya kunywa. Ulichukua kikombe, ukakisogeza mdomoni, na koo lako lote likakaza, mkono ukatupa kikombe ukutani. Ulinitazama kwa mshangao, kana kwamba mkono ule si wako.

Baba, mimi ni mwalimu wa bayolojia. Nililijua jina la ugonjwa kabla kikombe hakijaacha kubiringika. Nafundisha dalili zake ubaoni. Nafundisha pia kwamba dalili zikishaonekana, basi.

Nilipandisha suruali yako. Kovu lilikuwa kwenye shavu la mguu, limeshapona, limeng'aa. Nikasema, "Baba, mbwa?" Mama akasema si mbwa, ni mwiba wa mgunga, alisema ni mwiba. Wewe ukafumba macho.

Tulikupeleka hospitali kwa gari la mchimbaji mmoja, Mungu ambariki. Walikuwa wapole na sisi. Daktari alinichukua pembeni, nikamwambia hana haja ya kunieleza.

Ilikuja saa moja ambayo ulitulia, ukawa wewe kabisa. Mama alikuwa ametoka kulia nje. Ukaniambia, "Hakuruka, mayu."

Nikadhani umepotea. Ukaendelea, polepole, unameza kwa shida. Kwamba alishuka. Alijaribu, mabawa yakamshusha hadi chini, na chini hakujua la kufanya, akawa anatembea kwenye nyasi kama kuku. Kinda wa tumbusi akitoka kiotani hufuata wakubwa kwa miezi, wanamwonyesha upepo ulipo na chakula kilipo. Wako hakuwa na wa kumfuata. Alizunguka shina la mti siku mbili, akingoja kikapu. Mbwa wakamkuta. Ulisikia, ukakimbia na fimbo, umri ule, ukaingia katikati yao.

"Kwa nini hukusema?" nikakuuliza. "Sindano zingekuponya. Kwa nini ulisema mwiba?"

"Ningemwambia nani? Kwamba mimi Masanja nimeumwa na mbwa nikigombea ndege wa mizoga? Luhende angecheka mpaka Geita."

"Na mimi? Mimi ungeniambia."

Ukasema, "Wewe ulifurahi sana kwenye simu."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu yaliyokuwa na maana. Yaliyofuata hayakuwa yako, yalikuwa ya ugonjwa, nami sitayaandika.

Tulikuzika kwenye mvua. Luhende alikuja, alichimba kaburi na vijana, akabeba maji, akakata kuni, siku zote za msiba hakukosa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Siku ya kuanua matanga alinishika mkono, akasema, "Mayu, mimi nilitega fisi." Akarudia. Nadhani hana maneno mengine, na hata leo tukikutana ananiambia hayohayo baada ya salamu.

Januari niliwaambia wanafunzi ukweli. Sikutaka wakue na kinda anayepaa kuelekea Kigosi. Niliwaambia yote, mpaka kikombe. Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Kwa hiyo madamu, hakuna mwingine?" Nikamwambia wapo, mbali, mbugani kwenye hifadhi. Pasaka nilikwenda Ushirombo kwenye harusi, nikawauliza wafugaji wa kule, nikatazama juu siku tatu mpaka shingo ikauma. Niliona mwewe. Niliona kunguru. Mzee mmoja akaniambia wamehama kama Wasukuma, watarudi malisho yakirudi. Ulikuwa unasema hivyohivyo. Sikumbishia.

Mbwa walipigwa risasi siku moja, lakini ulipofika mwezi wa pili vitoto vilikuwa vimejaa mashimoni. Kuna mtoto wa kambini aliumwa. Yeye walimuwahi.

Sasa nifike kwenye moshi.

Wiki hii fisi aliingia zizini kwetu. Alimchukua yule mtamba mwekundu, wa ukoo wa wale ng'ombe uliomlipia Mama mahari, akamla nusu, akamwacha. Kulwa alinipigia Alhamisi. Sauti yake ilikuwa kavu. Nikamwambia, "Kulwa, usiweke kitu." Akasema, "Shija, Baba alikufa kwa ajili ya ndege. Mimi nina watoto." Nikamwambia tutajenga zizi la miiba mirefu, nitachangia. Akasema miiba ya wapi, miti yote iko chini ya ardhi inashikilia mashimo. Simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye.

Nilipofika Ijumaa alikuwa ameshaweka. Dawa ileile, ya kopo lile lenye picha ya ua la pamba. Kulwa, Baba. Aliyetapikiwa kichwani.

Sikugombana naye. Nilikwenda pale mzoga ulipo, ukingo wa mbuga, nikakaa juu ya kichuguu kutwa nzima ya Jumamosi na fimbo yako na debe bovu la kupiga, ili wakija niwafukuze. Nilijua la kufanya. Wakianza kuzunguka nitapiga kelele, nitakimbia huku na huku, nitawaogopesha wasishuke. Jua lilipanda. Jua likakaa utosini. Anga lilikuwa safi, lile la kiangazi, ungeona hata kitone kutoka upande wa Kahama. Nilitazama mpaka macho yakatoa machozi ya jua, na mengine.

Hakuja hata mmoja. Mzoga umelala tangu Alhamisi, umepasuliwa, harufu imefika mpaka kambini, na hakuna kilichoteremka. Hakufa tumbusi hata mmoja kwa dawa ya Kulwa, kwa sababu hakuna wa kufa. Walikufa mbwa wanne na kunguru. Fisi hakugusa.

Jioni Kulwa alikuja akakaa kando yangu kwenye kichuguu. Alitazama juu, akatazama mzoga. Akasema, "Nilidhani watakuja." Nikamwuliza alidhani au alitumaini. Akafunika uso kwa ile mikono yake yenye vumbi.

Leo asubuhi, wakati Mama yuko kanisani, tulimchoma mtamba pamoja na wale mbwa. Kuni zilikuwa chache, tukamwagia mafuta ya taa. Haikuungua vizuri. Mzoga wa ng'ombe hauungui kirahisi, una maji mengi. Tulichimba shimo kando, kwa majembe mawili, tukafukia kilichobaki. Imetuchukua tangu umande mpaka saa saba mchana, watu wazima wawili, viganja vimechubuka. Wale wangemaliza kabla ya uji kupoa, na wasingeacha harufu.

Baba, mimi sina tumaini la kukuletea. Nilitaka nikukute na habari njema, nimeitafuta, haipo. Mti haupo, nyasi hazipo, kiota hakipo, na tunaojali jinsi anga lilivyokuwa linazunguka tumebaki wachache, tena tunazeeka.

Ila nakuahidi hili. Ng'ombe wetu yeyote atakayefia hapa, nitamzika mimi. Kulwa amekubali atanipigia, na mimi nitakuja, hata kama ni katikati ya mitihani, na jembe langu. Dawa haitamwagwa tena katika boma lako. Najua ni kazi ya kijinga, mwalimu kusafiri kutoka Kahama kuja kufukia mizoga. Najua haitamrudisha yeyote. Lakini kazi hiyo ilikuwa na wenyewe, na wenyewe wamekufa, na mtu lazima aifanye.

Pumzika, Baba. Wabeja, asante kwa kunionyesha wakiwa bado wapo. Bodaboda amefika, anapiga honi barabarani, na mgongo unaniuma kwa kuchimba.

Mwanao,
Shija